Matanga ya bingwa wa sumo

Forest, Ubelgiji, Jumapili usiku, Novemba 1996

Papa huyu! Nimetoka sokoni na mifuko mizito, ananiambia nisimame kimya mbele ya televisheni.

Kule Japani, bingwa wa sumo, lile jitu Papa analolipenda, alikuwa ameketi katikati ya uwanja. Watu walipita nyuma yake mmoja mmoja na makasi, wakimkata nywele kidogo kidogo. Naye analia.

"Heshima, mutoto. Amefiwa. Ni mama yake, je crois, sina hakika."

Kwetu Bukavu nywele zinakatwa kwa matanga, donc alishamwombea marehemu rozari nzima!

Nikamwambia, "Papa, hakuna muntu amekufa. Anaacha mieleka tu. Ni pension."

Ijumaa ni siku ya mwisho ya Papa mwenyewe kwenye usine, kiwanda cha magari, na hajataka kuizungumzia hata mara moja. Mimi na mdomo wangu...

"Alors," akasema, "ni matanga kweli." Kisha akacheka, tukacheka wote.

Sasa amelala. Ameniachia makasi mezani. "Ijumaa jioni uanze wewe," amesema.

Nywele zake zenyewe zimebaki chache. Itabidi nikate polepole.