Unga wa mende kwenye gauni la mama mkwe

Wee shoga, kaka yangu leo kaumbuka! Kaumbuka mpaka nimemhurumia.

Asubuhi kaona mende sebuleni, na mama wa mchumba wake anakuja kumpima kama anafaa kuoa. Akamwaga ule unga mweupe wa mawe unaoua mende, hadi kwenye makochi. Akasahau kufuta!

Mama kaja na gauni jeusi. Kainuka kuaga, nyuma kote kweupe. KWEUPE!

Nani amwambie? Kaka apanguse wapi, makalio ya mkwewe? Akabaki anakagua dari kama fundi umeme.

Mlangoni mama kageuka: "Hii dawa ya mende inafanya kazi kweli?"

"Nd... ndiyo, mama."

"Basi nifungie nyingine, mkwe wangu. Hii niliyoikalia haitoshi nyumba nzima."