Mlenda wa Siku ya Kwanza

Mume wangu mdogo Hamisi,

Marahaba, mjukuu wangu. Hapa Ulemo alizeti zimechanua, na kuku wa mama yako ametotoa vifaranga tisa.

Unauliza babu yako anawezaje kula, tangu daktari aseme figo zake zimechoka na apunguze chumvi na magadi. Mwanzoni alinuna kama mtoto! Bakuli lilirudi jikoni limejaa.

Nikakumbuka siku yangu ya kwanza kuwapikia wakwe. Kwa woga nilisahau kutia chumvi kwenye mlenda. Wakwe walimega ugali bila kuchovya mlenda, nami nikatamani ardhi inimeze. Babu yako peke yake alinisogezea bakuli akasema, "Niongeze." Alikula mpaka chungu kikaisha, nisiaibike. Tangu hapo hajaacha kunitania.

Basi juzi nikamwandalia mlenda usio na chumvi, nikamwambia, "Mzee, nimesahau tena."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akala, akalamba vidole, akanisogezea bakuli: "Niongeze, bi harusi."

Ni mimi bibi yako, bi harusi wa Ulemo.