Kikosi Hakikimbii Mvua

Mwanangu Sifa,

Nimeianza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana, maana kila nikishika kalamu najikuta naandika jinsi ulivyokuwa mtoto mwema. Hilo kila mtu analijua. Lilisemwa makaburini mpaka likachosha. Mimi baba yako mdogo nina jambo jingine la kusema, na nalisema wazi kwa sababu Jumapili barua hii itasomwa kanisani, nami nitakuwa nimesimama mbele ambapo kila mtu ataniona.

Ila kwanza niruhusu nikukumbuke kidogo.

Unaikumbuka ile ndoo? Tulikuwa tunakaa ghorofa ya sita kule Berea, hapa Johannesburg, nyinyi chumba kikubwa, mimi kidogo, na mpangaji mwenzetu Mama Odette kile cha katikati kilichopakana na jiko. Ulirudi kutoka shule umenuna. Madam Mutheu, yule mwalimu Mkenya wa bendi, alikuwa amegawa vyombo siku hiyo. "Baba mdogo, wamenipa ngoma. Nilitaka tarumbeta." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulikuwa unamlilia mtu aliyepiga ngoma katika fanfari, ile bendi ya matarumbeta ya kanisa kule Bukavu, tangu sauti yake haijavunjika! Niligeuza ndoo ya kufulia, nikaweka juu yake kipande cha mpira wa tairi, nikakupa vijiti vyangu mwenyewe. Ulipiga mpaka Mama Odette akagonga ukuta kwa mwiko.

"Hii ngoma yenu itatuletea kilio!" alipiga kelele.

Nawe, mtundu wewe, ukaujibu ule mwiko kwa mapigo yaleyale juu ya ndoo. Tulicheka sana siku ile. Lakini lile neno la Mama Odette liweke kando, nitalirudia.

Ulikaa bendi ya shule miaka minne. Madam alikufundisha kusoma nota, kuhesabu na kuinua magoti juu uwanjani siku za michezo. Kisha nikakuchukua mimi. Watu wa nje hawajui uhusiano wangu na Madam ulivyokuwa, wanadhani bendi ya shule na kikosi cha ngoma ni kitu kimoja kwa sababu vyote vina sare na kelele. Bendi ina tarumbeta na filimbi, na mtoto akimaliza shule anarudisha chombo stoo na basi. Kikosi chetu pale mtaa wa Bertrams kilikuwa ngoma tupu, watu tisa, wengine wameshaanza kazi, na mwaka mzima tunasugua kipande kimoja cha dakika nane kwa ajili ya mashindano. Madam hakuacha kunisuta. "Kocha, wewe unavuna shamba ambalo hukulima. Mtoto nikishamtengeneza, unamchukua." Nami nikamjibu, "Na siku ya mashindano ya shule, nani huja kwangu kuazima wapigaji?" Ngoma zenyewe tulizokuwa tukipiga Jumamosi zilitoka stoo yake. Tulikuwa tunagombana na tunategemeana, kama wake wenza wanaopika jiko moja.

Ulipokuja kwangu ilibidi nikuvunje magoti. Kikosi hakiinui magoti, kinateleza, kisigino kwanza, ili ngoma isitikisike. Nilikuwekea kikombe cha chai juu ya ngoma, nikakuambia utembee korido nzima ya ghorofa ya sita, kutoka kwenye lifti mbovu hadi mlangoni petu. Uliharibu sketi mbili. Mama yako alinisema wiki nzima. Mara ya tano ulifika bila tone kumwagika, ukainywa ile chai palepale mbele yangu huku unanitazama. "Sharp, Baba mdogo?" Sharp, mwanangu, safi kabisa, kama wasemavyo vijana wa hapa. Sijawahi kujivunia mtu namna ile, na nilipaswa kukuambia.

Nilikufundisha na jambo la pili. Kule shule kila mtu akichoka anaweka ngoma chini, huyu leo, yule kesho, vurugu tupu. Kwetu hakuna anayeshusha mpaka kiongozi aseme "Shusha," na zote tisa ziguse ardhi kwa sauti moja. Hata bega likiwaka moto, unangoja. Wewe ulilipenda hilo kuliko wote. Siku moja nilijisahau nikawa naongea na simu, nikageuka baada ya robo saa, wenzako wameegemea ukuta na wewe peke yako umesimama na ngoma, jasho linakuchuruzika. Nikasema shusha. Ukashusha. Nilisimulia kisa hicho kila mahali kama sifa yangu.

Sasa nalifikia lile lililonifanya niandike.

Mlango wa stoo ya shule ulikuwa na karatasi ya Madam: ngurumo ya kwanza ikisikika, kila mtu aache chombo alipo na akimbilie ndani, na asitoke mpaka nusu saa ipite kimya. Anayeijua mvua ya Johannesburg anajua kwa nini. Saa nane jua linachoma, saa tisa mbingu imekuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Mimi niliicheka karatasi ile. Niliwaambia nyinyi tisa kwamba hiyo ni sheria ya watoto. "Kikosi hakikimbii mvua." Mkaligeuza kuwa kiitikio, mkawa mnaliimba mkipanga mistari. Lilinipendeza mno.

Jumamosi ile zilibaki wiki mbili kabla ya mashindano. Mimi na Madam tuliwachanganya kwa mara ya kwanza, bendi ya shule nyuma, kikosi mbele, kwenye uwanja wazi ambapo unaziona taa za stediamu. Nilitaka wale watoto wa shule waone kazi. Nilitaka Madam aone. Mkamia maji hayanywi, lakini nani angeniambia. Madam alikuwa ameingia stoo kutafuta nota. Ngurumo ikasikika upande wa kusini, mbali. Watoto wa shule wakaacha vyombo kwenye nyasi wakakimbia, kama walivyofundishwa. Nyinyi tisa mkaendelea.

Wewe uliinua mguu, Sifa. Niliona. Miaka minne ya shule ilikuambia ukimbie, na mwili wako ulikuwa umeshageuka nusu. Kisha ukanitazama. Ulikuwa unauliza, na mimi nilijua unauliza nini.

Nikatikisa kichwa. Nikasema, "Tumalize."

Zilikuwa zimebaki hesabu nane tu. Ngurumo ya pili ilikuja karibu zaidi, nikaisikia vizuri kabisa, nikaendelea kuhesabu kwa sauti ili niifunike. Tano. Sita. Ile fremu ya chuma inayobeba ngoma ilikuwa mabegani mwako. Radi ilipopiga, watu wawili walianguka wakainuka. Wewe hukuinuka, na mkanda wa ngoma nilishindwa kuufungua.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulisikia.

Polisi waliponiuliza, nilisema radi ilikuja ghafla, hatukusikia ngurumo yoyote. Baba yako aliponiuliza, nilimwambia hivyohivyo, huku nimemshika mkono. Watoto wa shule walisema walisikia, watu wazima wakasema watoto huchanganya mambo wakiogopa. Na wenzako wanane wa kikosi walinyamaza. Sikuwaambia wanyamaze. Walinitazama nikisema uongo, wakaona kiongozi hajashusha, nao hawakushusha.

Basi radi isiyo na ngurumo, mwanangu, kwetu ni radi gani? Unajua mwenyewe watu wa nyumbani wanavyosema. Ni radi ya kutumwa na mchawi. Haikupita wiki watu wakakumbuka ule mwiko ukutani. "Si alisema ngoma italeta kilio?" Mama Odette alikuta majivu mlangoni pake. Kanisani benchi lake likawa tupu kushoto na kulia. Mama yako akahamisha sufuria zetu jikoni zisiguse za yule mama. Baba yako, mtu mpole vile, akaacha kumsalimia. Mwezi wa pili tangu kifo chako, Mama Odette alifunga vitu vyake akaondoka Berea, akibeba godoro peke yake ngazi zote sita, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwangu. Neno moja tu lingemrudisha. Nikafunga mlango.

Miezi saba nimeishi hivyo. Nakwenda kazini, nalinda geti la watu, narudi. Nikisikia ngurumo nawasha redio kwa sauti ya juu.

Wiki iliyopita nilikwenda Malvern kwenye duka la baba yako la ushonaji, Jules Street. Nikamwona Mama Odette ameweka meza kando ya barabara karibu na mlango wa duka, anauza dagaa na unga wa muhogo. Nilitaka kuvuka nimkwepe. Akaniita.

"Pole na mutoto," akasema. "Sikupataka nafasi ya kusema pole. Walinifukuza ku kilio."

Nikasema asante, mama.

"Mie nilisemaka juu ya makelele," akasema, "kichwa ilikuwa inaniuma. Sikusemaka kifo. Mutoto yule nilimupikiaka maandazi ya beignet, unajua?" Akapanga dagaa zake ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Na weye? Unaamini ni mie?"

Sifa, yule mama aliniuliza mimi. Katika Johannesburg nzima alimchagua mtu mmoja anayejua, akamwuliza bila kujua.

Nilimjibu, "Hapana, mama. Ni mimi." Nikamwacha ananishangaa, nikaingia dukani.

Baba yako, yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alikuwa kwenye cherehani. Koti lako la mashindano bado linaning'inia nyuma yake, lina mkono mmoja, wa pili hakuwahi kuushona. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Cherehani ikanyamaza.

"Ngurumo ilisikika?" akauliza.

"Ilisikika, yaya. Mara mbili."

"Alitaka kukimbia?"

"Aliinua mguu."

"Halafu?"

"Akaniangalia."

Akachukua makasi, akakata uzi chini ya sindano. "Miezi saba," akasema, "mi napita mbele ya ule mama, simusalimie." Kisha, bila kuinua macho, "Toka, mudogo wangu. Toka kabla mikono yangu haijakumbuka kama iko na makasi."

Nilitoka. Kutoka ng'ambo ya barabara nilimwona akija mlangoni, akatembea mpaka mezani kwa Mama Odette, akavua kofia. Yule mama alimtazama, akainuka, akampa kigoda chake. Baba yako alikaa pale hadi jioni katikati ya dagaa. Mpaka leo hajanisemesha, na sijamwomba anisemeshe.

Nimewaona na wenzako wanane, mmoja mmoja. Yule wa ngoma kubwa alilia kama mtoto. "Kocha, tulidhani tukisema watakufunga." Ana miaka ishirini, na kwa miezi saba amebeba mzigo wangu akidhani ananipenda. Wote nimewaambia waseme walichosikia, popote watakapoulizwa. Jumatatu nitakwenda kituoni kubadilisha maelezo yangu. Watakalonifanyia watanifanyia.

Kikosi hakipo tena. Ngoma zote zimerudi stoo kwa Madam. Nilipokwenda kumwambia, alinisikiliza akiwa amesimama kizingitini, hakunikaribisha. "Nilijua," akasema. "Watoto wangu hawadanganyi kuhusu ngurumo." Nyuma yake niliiona ile karatasi, bado iko mlangoni. Watatu wa kikosi wamerudi kwake kumsaidia kufundisha wadogo. Anasema wanateleza vizuri sana, kisigino kwanza, na wadogo wameanza kuwaiga. Ninajua mwendo ule ulitoka kwa nani. Siruhusiwi kwenda kuutazama, na ni haki.

Sikuombi msamaha, mwanangu. Ungenisamehe haraka mno, nakujua, ungesema sharp, Baba mdogo, ukamaliza. Jambo moja tu linaninyima usingizi. Ulikuwa unangoja neno langu siku ile, ukiwa na kile chuma begani, nami nikakunyima. Nimekwenda kaburini kwako leo asubuhi, mbingu nyeupe, hakuna mawingu, na nililisema kwa sauti, mtunza makaburi akageuka. Nitalirudia Jumapili mbele ya watu wote, wenzako wanane wakiwa wamesimama, kisha nitakaa chini.

Shusha, Sifa. Shusha ngoma.

Ni mimi uliyenitazama,
Baba yako mdogo