Vidonge Kumi na Viwili Ndani ya Leso

Jumapili, Merrylands, huku ughaibuni. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na hita yangu inanguruma tu, joto hakuna.

Leo nimemponza bibi yangu. Au yeye ndiye kaniponza mimi, sijui. Ngoja nikusimulie, shajara, maana wewe huna pa kwenda kusema.

Bibi Araksi ni Mwarmenia, mzee wa miaka themanini na tisa, ninayemhudumia kule Lidcombe siku nne kwa wiki. Namwogesha, nampa dawa, natia sahihi kwamba amemeza. Kiswahili nimemfundisha neno moja tu. Nauliza, "Umemeza?" Anajibu, "Nimemeza!" kwa mbwembwe, utadhani kazaliwa Tanga. Kisha nageuka kumimina chai, yake na yangu. Nikiri tu: ndiyo chai pekee ninayokunywa na mtu wiki nzima.

Ukutani ana picha tatu, na hadithi zake nimezisikia mpaka naweza kuzisimulia mwenyewe. Yupo mtakatifu aliyewaundia Waarmenia herufi zao. Yupo padri aliyezunguka vijijini akikusanya nyimbo za wakulima, halafu mateso yakamnyamazisha, asiimbe tena. Na yupo kipenzi chake, mtakatifu aliyetupwa shimoni na mfalme kwa miaka kumi na mitatu. Huyo aliponea kwa mjane mmoja aliyekuwa akimdondoshea mkate kila siku.

Wiki tatu zilizopita daktari aliniambia vitamini D yangu iko chini mno. Mimi! Mtoto wa Tanga, nikose jua! Lakini jua nitalionea wapi, natoka giza, narudi giza, na siku za mapumziko najifungia ndani. Nilimweleza bibi huku nacheka, nikasema basi na mimi nimo shimoni. Yeye hakucheka. Tangu hapo kila nikifika ananiuliza kama nimenunua vidonge. Nami kila mara: bado, nitapita kesho.

Duka la dawa liko chini ya ninapoishi.

Sikununua kwa sababu humu ndani hakuna wa kujua kama nimemeza au sijameza. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Basi leo nikiwa namwandalia chai, akanisukumia leso iliyofungwa fundo. Ndani, vidonge kumi na viwili. Ni vitamini D zake, alizoandikiwa tangu alipovunjika nyonga. Kila nilipogeuka kumimina chai alikuwa akibakiza kimoja kiganjani. Siku zangu tu. Kwa wenzangu alimeza vizuri. Nikamuuliza, bibi, kwa nini? Akaonyesha kidole picha ya shimo, akanionyesha mimi, akajigonga kifuani.

Nililia, jamani. Pale pale, glovu zikiwa mikononi.

Halafu nikampigia meneja. Ningefanyaje? Nimetia sahihi kumi na mbili za uongo, na mifupa ya bibi ndiyo ile iliyokwisha kuvunjika. Meneja hakunifokea. Kasema kuanzia kesho ataenda mtu mwingine mpaka walimalize suala langu, na huenda nisirudishwe kwa bibi tena. Vidonge nikaviacha mezani kama alivyoagiza.

Bibi alikuwa ameketi, ananisubiri tunywe chai. Sikuweza kumwambia. Nilikunywa yote, nikambusu kwenye paji la uso, akanitia leso yake tupu mfukoni mwangu kwa nguvu.

Kesho huyo mwingine atamuuliza kwa Kiingereza. Mungu amjalie awe mtu wa kukaa na kunywa chai.

Jioni hii, kabla sijapanda ngazi, nimeingia duka la dawa nikanunua chupa yangu. Nimeitandika leso mezani, nimejimiminia maji, nimemeza kimoja. Nikajikuta nasema kwa sauti, chumbani peke yangu, kwa mbwembwe zake zile zile:

"Nimemeza, Bibi!"