Mashine Ile Ilikuwa Nzima

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Mkeo naye? Mgongo wako umetulia, au bado unainuka kitandani kama kiti cha kukunja? Sisi tunapumua. Mimi mzima, mdomo ndio kabisa haujui ugonjwa.

Jirani yetu wa mlango wa buluu kaolewa tena, mara ya tatu hiyo, na huyu mume anakoroma mpaka sufuria zangu zinatikisika. Lakini nakuzungusha tu, maana habari yenyewe nzito. Ni ya kitinda mimba wetu, nesi wetu.

Amekwisha, mdogo wangu. Miguu imevimba, viatu vya kazi anavivaa kisigino nje. Nywele zinabaki kwenye kitana. Mkojo unamchoma kila mwezi kwa kuubana kutwa nzima; wagonjwa arobaini, manesi wawili, akienda chooni nani ataangalia dripu? Basi maji hanywi makusudi. Na ndiye anayewagombeza watu wanywe maji!

Sasa sikia. Mwezi jana kichwa kilimgonga, akajipima presha kwa mashine ya wodini. Juu mia mbili na kumi, chini mia na thelathini. Akacheka. Akaibandika karatasi, "mbovu", akaipeleka stoo. Akaja kuniambia, "Dada, ile mashine imechoka kuliko mimi."

Siku tano wodi yao ikaazima mashine kwa wodi ya jirani. Fundi alipokuja akajipima mwenyewe, akampima na mfagiaji: sawasawa. "Sista, mashine nzima. Uliyempima ndiye mbovu." Wenzake wakaangua kicheko, wakamtazama usoni, wakamshika mkono hadi kwa daktari.

Daktari kampa mapumziko wiki sita. Kapumzika siku mbili. Ya tatu mkuu wa wodi kapiga simu, yule nesi mwenzake kaanguka, kalazwa humohumo wodini. Nikasimama mlangoni na mwiko wangu, nikamwambia leo hupiti. Hata hasira hakuwa nayo. "Nipishe, dada. Nikikaa hapa nawasikia wanaita."

Nikampisha. Mimi, na maneno yangu yote haya, nikampisha.

Figo zimeshaanza kuharibika, daktari kasema, na kilichokwenda hakirudi. Vidonge anameza akikumbuka.

Sikuiti uje kumshauri, tumeshauri mpaka midomo imekauka. Ukimpigia atasema hajambo, usimwamini. Na likizo yako ya Desemba usiingoje. Njoo sasa, ukae naye angali anacheka.

Wasalimie mkeo na wale mapacha watundu. Mama mdogo na shemeji yako wanakusalimu sana. Mungu akufunike huko uliko, na njia akufungulie mapema.

Nikupendaye tangu nikikubeba mgongoni,
Dada yako mkubwa, Redio.