Bangili Iliyogoma Kutoka

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu toka Al Twar, huku ughaibuni. Mwanangu anaota meno, halali, nami silali. Tumepishana miaka mitatu tu, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako, basi nisikilize.

Umeuliza kwa nini kiinua mgongo changu sikukigeuza dhahabu nikakivaa mkononi.

Nilikivaa, mama. Nilipoacha kazi kwa madam, shoga yangu Mwanaisha alinipeleka kwa sonara, akanivika bangili. "Dhahabu ya kufungia sandukuni ni ya wachawi!" akasema shoga. Ndipo nikauliza bei. Sonara akasema bangili ina kodi mpya na ujira wa fundi, na nikija kuiuza uzeeni sirudishiwi hivyo. Kipande cha dhahabu safi hakina kodi.

Nikaivuta. Ikagoma. Mkono ukavimba, sonara akanuna. "Ukiipinda, umenunua. Yalla, haya!" Jasho likanitoka, miaka sita ya kulea watoto wa watu ilikuwa imekwama pale kwenye kifundo.

Nikatoa mafuta ya mtoto mkobani. Ikateleza.

"Utarudi Tanga mikono mitupu, watakucheka," akasema Mwanaisha.

"Na wacheke."

Nilinunua kipande. Ile bangili naitamani hadi leo, sikufichi. Ndiyo maana nakuomba: usivae kitu kabla hujauliza bei ya kukiuza.

Nibusie mama yako.

Bibi yako, Zuhura