Antipasi Msengi, Kompyuta ya Watoto na Jiko Lisilo na Moshi

Ni mwaka sasa, Baba Eliana, tangu Jumapili ile ya upepo ulipojifungia kwenye chumba cha uani ukiwa mzima wa afya, nasi tukakutoa humo umenyamaza.

Hapa Iguguno bado wanakuulizia kwenye mashine ya alizeti. Wanasema kijana aliyeshika nafasi yako anakamua vizuri, ila hana salamu. Wewe ulikuwa unamsalimia mtu, unaulizia mkewe, watoto, hadi ng'ombe, ndipo unashusha magunia yake. Ulikuwa unarudi nyumbani unanukia mashudu, na kabla hujagusa kitu unasugua mikono kwa majivu na sabuni ya unga. Ulisema mafuta na kompyuta haviwezi kukaa nyumba moja.

Hiyo kompyuta, waliyokuomba watoto, ilikuja vipande vipande ndani ya boksi, kutoka kwa rafiki yako Frank, fundi simu wa Dodoma. Mkeo Damari alipoona ubao wa kijani wenye matundu na vifuko vya vidude vyenye miguu kama panzi, alidhani umetapeliwa.

"Sasa kompyuta iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, Mama Eliana. Bado haijazaliwa."

Basi kila ukipata nafasi meza inasogezwa dirishani. Eliana anasoma karatasi ya maelekezo, maana Kiingereza cha sekondari ni chake. Mdogo wake Peniel anapanga vidude kwa rangi. Wewe unachomea miguu yake kwenye ubao kwa ile risasi laini kama uzi, inayoyeyuka ikiguswa na chuma cha umeme chenye moto.

"Baba, hiki kina miguu mitatu," Peniel anasema.

"Hicho ni kigoda. Tafuta penye matundu matatu ukikalishe."

Damari alikuwa anasimama mlangoni na mwiko wake. "Mtaniunguzia nyumba, nyie."

"Ingia ukae, mama. Hakiumi."

"Mimi na nyaya tuheshimiane hivi hivi, kila mmoja kwake."

Mlimcheka wote watatu. Na Peniel alipounguza kidude akakificha mfukoni, hukumchapa. Ulimwambia, "Ukikosea sema tu. Usiposema nitahangaika wiki nzima, na wewe umekaa hapo unaniangalia."

Jumapili ile watoto walikwenda mazoezi ya kwaya. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Vidude vilibaki vichache, ukataka wakirudi wakute kazi imekwisha. Ukaenda kwa fundi bati ukaazima chuma chake cha shaba, kile anachopasha kwenye mkaa akichomea vibatari, ukakichonga ncha kwa tupa. Upepo wa Julai tunaujua, unakuja na vumbi la barabara nzima, nawe hukutaka vumbi kwenye ubao wako. Ukafunga dirisha. Ukaingia na jiko la mkaa.

Damari alikuwa anatoka kumpelekea mama yako chakula. "Jiko ndani, Baba Eliana?"

"Limeshakolea. Halina moshi."

Akachungulia, akaona kweli, mkaa mwekundu tu. Akaenda. Nyuma yake ukafunga mlango na kuziba chini kwa gunia. Aliporudi akaita, hukuitika. Jirani alisukuma mlango kwa bega. Ulikuwa umelala juu ya meza, shavu kando ya ubao, kama mtu aliyesinzia kanisani.

Daktari wa kituo cha afya alitueleza. Mkaa uliokolea unatoa hewa yenye sumu, haina rangi, haina harufu. Mtu anaona kichwa kizito, anaona usingizi, basi. Moshi si lazima uwepo.

Tulimsikia, lakini kwa masikio tu. Msiba haujaisha, maneno yakaanza. Mdogo wako Chediel alisema, "Shemeji, kile kidude kichomwe moto kabla hakijachukua mwingine." Mama yako Dorika akakataa kulala nyumba yenye lile boksi. Damari alishindwa kulichoma, kwa kuwa ni kazi ya mikono yako, na aliogopa kuliangalia. Akalifunga kwa kanga, akalisukuma stoo nyuma ya magunia.

Eliana, aliyekuwa akisema atasomea kompyuta, akaacha kulitaja hilo neno. Hesabu zake zikashuka. Damari alidhani ni majonzi tu, mpaka siku moja wakichambua mboga mtoto akauliza bila kuinua macho, "Mama, kama tusingeitaka hiyo kompyuta, baba si angekuwepo?"

Kilichomtisha Damari ni kwamba hata yeye alikuwa amejiuliza hivyo hivyo. Tangu hapo aliogopa kumpoteza na mtoto, ingawa alimwona anakula na kwenda shule.

Mwaka huu Juni ikaingia na baridi yake. Asubuhi moja Damari alimpelekea mama yako uji, akabisha hodi, akasikia sauti kama ya mtu aliye mbali. Mlango umefungwa. Kusukuma, jiko liko katikati ya chumba, jekundu, na mama amekaa kitandani na blanketi, kichwa amekishika.

"Shikamoo, mama! Toka nje!"

"Marahaba. Mkwe wangu, nasikia baridi, nawe unanitoa nje?"

"Toka, mama, nakuomba!"

"Limekolea hilo. Mbona halina moshi?"

Damari alilibeba lile jiko bila hata kushika kitambaa. Mikono iliungua, na alama anazo. Akambeba na mama, wakakaa chini uani, upepo unawapiga, mmoja anatapika na mwingine analia. Na hapo ndipo akili ilipomfunguka. Mwaka mzima ukoo umeogopa boksi lililofungwa kwa kanga, na jiko tumelala nalo.

Mama yako alipopata nguvu, Damari alikwenda stoo, akafungua boksi, akatoa meza nje. Jumamosi iliyofuata akawaita watoto. "Malizieni kazi yenu. Hapa hapa nje, ninaona." Umeme ulikuwepo, na Frank alishatuma chuma kingine cha umeme cha kuchomea. Vumbi lilikuwepo pia. Chediel alikuja kugomba, akakuta watoto wanakinga ubao kwa viganja. Alisimama, akaguna, kisha akachukua mkeka akaushika kuzuia upepo.

"Sijakubali," akasema. "Nashika mkeka tu."

"Sawa, baba mdogo," Peniel akajibu, "ila inua kidogo, vumbi linapita chini."

Wakaunganisha na TV ya zamani, ile yenye chogo. Wakawasha. Giza. Eliana akarudi kwenye karatasi, akapitia mstari kwa mstari, mwisho kidole kikasimama. Kidude kimoja kimegeuzwa, mguu wa kulia uko kushoto. Ni kimoja cha vile ulivyoviweka wewe Jumapili ile, peke yako.

"Kiacheni," Chediel akasema. "Huo ni mkono wa marehemu."

Eliana alimtazama mama yake.

"Kitoe, mwanangu," Damari akasema. "Baba yako alikosea. Na jiko nalo alikosea. Si ninyi, si kompyuta. Ni jiko na mlango kufungwa. Umenisikia?"

Eliana alilia kwanza, sana, mpaka Peniel akamshikia chuma. Halafu akajifuta, akakitoa, akakigeuza, akakichomea upya. Wakawasha. Ikatokea alama ndogo nyeupe juu kushoto, inazimika, inawaka.

"Inakonyeza!" Chediel akapiga kelele, mkeka ukamponyoka ukaenda na upepo hadi kwa jirani.

Tulicheka, Baba Eliana. Tangu ulipoondoka kicheko kilikuwa hakijasikika uani kwako.

Eliana sasa anawafundisha watoto wa mtaa kuandika maagizo kompyuta ikayafuata, na hesabu zake zimepanda. Ameanza tena kusema atasomea nini.

Tulibishana kama tuandike ulivyokufa. Wengine waliona ni aibu kwako. Mama yako akasema, "Mwanangu alikuwa mtu wa kusema kosa. Andikeni." Tumeandika.

Sasa tupishe kidogo, tuseme na huyu anayesoma. Ndugu, baridi imeingia. Kama jiko la mkaa liko ndani na mlango umefungwa, hata kama limekolea, hata kama huoni moshi, weka karatasi hii chini. Inuka ulitoe. Waamshe waliolala humo, wakae kwenye hewa. Majina yetu hayakimbii, utayakuta hapa ukirudi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Damari, wanao Eliana na Peniel, mama yako Dorika, mdogo wako Chediel, rafiki yako Frank, na wenzako wote wa mashine ya alizeti.

Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka, Antipasi.